Kuvuka Milima ya Pirenei kwa Miguu: Mwongozo wa Siku ya Kwanza ya Njia ya Santiago

Mahujaji wengi wanaokwenda kwenye kaburi la Mtume Yakobo, huko Santiago de Compostela nchini Hispania, huanzia ng'ambo ya mpaka, katika mji mdogo wa Ufaransa uitwao Saint-Jean-Pied-de-Port. Kutoka hapo hadi kaburini ni takribani kilomita 780. Siku ya kwanza ni kilomita 25 za kuvuka milima ya Pirenei na kwenda kulala Roncesvalles, nayo ndiyo inayowanyima watu usingizi usiku wa kuamkia safari. Unaondoka kwenye mita 170 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi mita 1,430, kisha unashuka hadi mita 950.

Watu huogopa kupanda. Mimi huwaambia waogope kushuka. Kupanda kunakutoa jasho na kukukata pumzi, lakini ukisimama dakika mbili mwili unarudi. Goti likivimba kwenye mteremko wa mwisho halitulizwi na dakika mbili, na hija ya mwezi mzima inaanza kwa kuchechemea. Kwa hiyo ushauri wote ulio hapa chini una shabaha moja: ufike kileleni ukiwa bado na miguu ya kushukia.

Siku ya kuwasili: pitia ofisi ya mahujaji

Ofisi iko Rue de la Citadelle namba 39, kwenye mtaa wa mawe unaopanda kuelekea ngome ya zamani. Wanaohudumu hapo ni watu wa kujitolea. Watakupa pasipoti ya hujaji, kijitabu cha kukunja kinachogongwa muhuri kila unapolala. Bila hicho hosteli za mahujaji hazikupokei, na mwisho wa safari ndicho ushahidi kwamba umetembea kweli. Hapo hapo utapata gamba la kombe, alama ya Mtakatifu Yakobo, la kufunga kwenye begi.

Ukishapata hivyo, usiondoke. Uliza hali ya hewa ya kesho kule juu mlimani. Anga ya mjini haikuambii lolote kuhusu anga ya kileleni, na jibu watakalokupa ndilo litakaloamua njia yako.

Maana njia ni mbili. Ya juu huitwa njia ya Napoleon, kwa kuwa majeshi yake yaliitumia; hiyo ndiyo yenye malisho, upepo na mandhari ambayo watu huizungumzia hadi mwisho wa safari. Ya pili hupita bondeni kwa kufuata mto, kupitia Arnéguy na kijiji cha Valcarlos. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi njia ya juu hufungwa kisheria upande wa Navarra, jimbo la Hispania linalopakana na Ufaransa. Anayeipita hutozwa faini, na akihitaji kuokolewa anaweza kudaiwa gharama za uokoaji. Miezi mingine iko wazi, lakini theluji inaweza kuanguka Aprili na ukungu unaweza kushuka hata katikati ya kiangazi. Wakikuambia usipande, usipande. Wapo mahujaji waliopoteza maisha kule juu kwa baridi na kupotea njia, na baadhi yao walikuwa watu wenye afya njema ambao hawakutaka kubadilisha mpango.

Njia ya Valcarlos nayo ni hija kamili. Urefu wake unakaribiana na wa njia ya juu, na kilele chake, Puerto de Ibañeta, kina mita 1,057 tu. Ubaya wake ni vipande vinavyopita kandokando ya barabara kuu ya N-135, kwa hiyo vaa kitu kinachoonekana kwa mbali na utembee kwa mstari mmoja. Tena jihadhari na wepesi wa mwanzo: hadi Valcarlos, kama kilomita 12, utadhani umepata nafuu, kisha mlima wote uliobaki unakuja mfululizo. Asiye na uhakika na miguu yake anaweza kulala Valcarlos na kumaliza kesho yake.

Malazi kwanza, viatu baadaye

Hosteli kubwa ya Roncesvalles ina vitanda 183. Kwa macho ni vingi, lakini mwezi wa Mei na Septemba hujaa. Weka nafasi mapema, kwa sababu kijiji chenyewe ni kidogo mno na ukikosa kitanda utalazimika kuongeza kilomita 3 hadi Burguete ukiwa umechoka vibaya.

Kama una umri mkubwa, au hujazoea milima, au umetoka safari ndefu ya ndege juzi tu, zingatia kuigawa siku hii mara mbili. Orisson, kilomita 8 kutoka mjini, ina nyumba ya kulala mahujaji, na juu yake kidogo ipo nyingine ndogo iitwayo Borda. Vitanda ni vichache na huwahiwa miezi kadhaa kabla. Kulala Orisson ndiyo njia bora ya kuianza safari hii kwa mtu yeyote anayeweza kupata nafasi, mwenye nguvu na asiye na nguvu. Mnakula chakula cha jioni meza moja na watu mtakaokutana nao njiani wiki nne zijazo, na asubuhi unaanza kutembea ukiwa umeshamaliza sehemu yenye mwinuko mkali kuliko zote.

Begi

Kanuni ya kawaida ni kwamba begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 abebe kilo 7, na siku hii kuna maji juu yake. Lita 1.5 hadi 2 za maji zinatosha ukijua pa kujazia: bomba la Orisson, na chemchemi ya Roland karibu na mpaka. Kati ya hapo na hapo usitegemee kitu.

Hakuna duka baada ya kutoka mjini, kwa hiyo nunua chakula cha mchana jioni iliyotangulia: mkate, jibini ya maziwa ya kondoo ya huko huko, matunda, karanga, na kitu chenye chumvi. Toa pia fedha taslimu za euro kabla ya kuondoka. Weka juu kabisa ya begi, mahali pa kufikiwa bila kupekua, koti la mvua, sweta na kofia. Kwa wastani hewa hupoa karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kileleni ni baridi kuliko mjini kwa nyuzi 8 hivi, kabla hujahesabu upepo. Mtu aliyelowa jasho akasimama kwenye upepo ule anaweza kutetemeka mwezi wa Juni.

Kucha za miguu zikate siku mbili tatu kabla. Kucha ndefu na mteremko mrefu ndiyo asili ya vidole vyeusi. Na kama begi linakulemea, zipo huduma za gari zinazobeba mizigo hadi Roncesvalles; kulikabidhi siku hii moja hakupunguzi chochote katika hija yako. Ila usikabidhi maji, koti la mvua, chakula, dawa wala pasipoti. Mpaka utakaovuka hauna kituo cha ukaguzi wala askari, na viza ya Schengen inahusu nchi zote mbili, lakini hosteli itaitaka pasipoti yako halisi.

Saa moja asubuhi uwe njiani

Siku nzima huchukua saa 7 hadi 9 pamoja na mapumziko. Mwezi wa Juni jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, mwishoni mwa Septemba karibu saa mbili, kwa hiyo anayetembea vuli atoke na tochi ya kichwani au asubiri kidogo mapambazuko. Kunywa chai au kahawa, kula kitu, jaza chupa zote.

Shuka Rue de la Citadelle, pita chini ya lango la Notre-Dame lililo kando ya kanisa, vuka daraja la mto Nive, fuata Rue d'Espagne hadi utoke mjini. Hapo njia mbili huachana, na kibao kinaonyesha Napoleon na Valcarlos. Upande wa Ufaransa alama za kutegemea ni mistari miwili, mweupe na mwekundu, ya njia ndefu namba 65. Ukiona alama ya msalaba wa rangi hizo hizo, hiyo inakuambia umepotea. Mishale ya njano, ile iliyoanza kuchorwa kwa juhudi za padri Elías Valiña, paroko wa kijiji cha O Cebreiro huko mbele njiani, miaka ya 1980, itakuongoza kwa wingi ukishaingia Hispania.

Hadi Orisson: tembea polepole kuliko unavyotaka

Barabara ni ya lami na inapanda tangu mwanzo. Karibu kilomita 5 utafika Huntto, nyumba chache tu, na baada yake kijia cha nyasi huachana na lami kuingia kushoto na kupanda kwa kupindapinda. Kipande hicho ni kifupi lakini ndicho kikali kuliko vyote. Kikiisha unarudi kwenye lami, na Orisson haiko mbali. Umepanda zaidi ya mita 600 ndani ya kilomita 8.

Hapa ndipo siku huharibika, bila mtu kujua. Miguu ni mibichi, hewa ni ya asubuhi, kuna watu mbele na nyuma, na kila mmoja anatembea kwa mwendo wa mwenzake. Usimfuate mtu. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza. Hatua fupi, kisigino kikanyage chote, fimbo za kutembelea, zile zinazorefushwa na kufupishwa, ziwe fupi kidogo kuliko kwenye tambarare. Watakaokupita waache wapite, waitikie "buen camino", yaani safari njema, na uendelee na mwendo wako. Mkitembea wawili, mke na mume au marafiki, kubalianeni tangu chini kwamba anayekwenda taratibu ndiye atakayeongoza. La sivyo aganeni kwa upendo na mkutane Orisson.

Ukihisi joto au mkwaruzo mahali popote mguuni, simama hapo hapo. Usiseme nitatazama nikifika. Lengelenge huanza kama joto tu, na plasta iliyobandikwa wakati huo inaokoa wiki nzima. Aibu ya kuvua kiatu kando ya barabara baada ya nusu saa ya kutembea ni ndogo kuliko maumivu ya siku ya nne.

Orisson pumzika angalau dakika 20, hata kama hujachoka. Vua viatu na soksi, miguu ipate hewa. Kula. Bomba liko ng'ambo ya barabara, jaza kila chombo. Hapa pia ndipo pa kujiuliza kwa ukweli: kama goti limeshaanza kuuma, au mvua nzito imeingia, kurudi mjini ni kilomita 8 za kushuka na kesho ipo. Mbele ya hapa kurudi kunazidi kuwa kugumu.

Malisho ya juu

Kutoka Orisson miti inaisha na mlima unafunguka. Barabara bado ni ya lami na inapanda kwa upole, ikipita katikati ya kondoo, farasi wadogo wa Kibaski, yaani wa Wabaski, wenyeji wa milima hii, na tumbusi wanaozunguka chini ya pale uliposimama. Mbwa wa wachungaji usiwasogelee, na lango lolote ulilolikuta limefungwa ulifunge.

Karibu na kilomita 12 utaona, pembeni ya barabara juu ya miamba, sanamu ya Bikira Maria wa Orisson. Wengi hupiga picha na kupita. Mimi nakusihi ukae. Umetoka kwenu kwa nia fulani, labda kwa ajili ya mgonjwa, marehemu, nadhiri au swali lisilo na jibu, na hapa, kabla mwili haujachoka sana, ndipo pazuri pa kuitaja nia hiyo kwa maneno. Baada ya hapa utakuwa unafikiria maji na miguu. Ila kama upepo ni mkali, sali ukitembea.

Katika msimu wenye watu, mara nyingi kuna gari linalouza vinywaji na matunda huku juu. Likiwepo, shukuru, usilipangie.

Sehemu inayotaka macho zaidi ni hii: mbele kidogo, kwenye msalaba uitwao Thibault, njia inaiacha lami na kuingia kulia kwenye kijia cha nyasi. Lami inaendelea mbele na inavutia, hasa ukiwa umeinamisha kichwa kwa mvua. Katika ukungu watu huifuata na kupotea. Simama msalabani, hakikisha umeona alama, ndipo uendelee. Ukungu ukiwa mzito, ungana na wengine na msiachie alama moja kabla ya kuiona inayofuata. Ramani iliyopakuliwa kwenye simu iwe tayari tangu jana, maana mtandao huku hukatika.

Mpaka na kilele

Kijia kinazunguka ubavu wa mlima hadi chemchemi ya Roland. Roland ni yule kamanda wa Mfalme Karolo Mkuu aliyeuawa pamoja na askari wa nyuma wa jeshi mwaka 778, waliposhambuliwa na Wabaski wakiwa wanarudi Ufaransa. Jaza maji. Hatua chache mbele unavuka mpaka kwenye kizuizi cha mifugo, na jiwe linakuambia umeingia Navarra.

Kutoka hapo njia inapita kando ya msitu, mahali ambapo majani yaliyoanguka huficha matope ya kufika kifundoni. Utaona kibanda cha mawe cha Izandorre, kilichowekwa kwa ajili ya dharura. Kikumbuke hata kama jua linawaka. Namba ya dharura, Ufaransa na Hispania, ni 112.

Kisha mpando wa mwisho hadi Lepoeder, mita 1,430. Sio mrefu, lakini unakuja saa ambayo umeshajihesabu kuwa umefika. Panda taratibu vile vile kama asubuhi. Juu, ukungu usipokuwepo, utaliona paa la Roncesvalles chini kabisa msituni.

Kushuka: sehemu ya kuipa heshima

Usianze kushuka mara moja. Kaa, kula kilichobaki, kunywa. Kaza kamba za viatu, hasa sehemu ya kifundo, ili mguu usiteleze mbele na vidole visigonge. Refusha fimbo kidogo.

Kisha chagua. Mbele yako kuna kijia kinachoingia msituni na kushuka moja kwa moja: karibu mita 480 za kushuka ndani ya kilomita 4 hivi, kwa mawe, mizizi na majani yanayoteleza. Kulia kuna njia inayoshuka kwa mizunguko ya upole hadi Puerto de Ibañeta, penye kanisa dogo la San Salvador, na kutoka hapo unaingia Roncesvalles kwa kijia cha msituni. Ya Ibañeta ni ndefu kidogo tu. Ushauri wangu ni huo wa kulia, kwa kila mtu, na mvua ikiwa imenyesha usifikirie mara mbili. Wanaosema ya msituni ni fupi wanasema kweli, lakini waulize siku ya tatu magoti yao yanasemaje.

Kwa njia yoyote, piga hatua fupi, goti liwe limekunjika kidogo, usinyooshe mguu na kuangukia kisigino. Fimbo zitangulie. Usikimbie hata pale ambapo mlima unakusukuma. Mtu akitaka kuzungumza, simameni mzungumze. Mteremko na mazungumzo havipatani.

Roncesvalles

Hosteli iko ndani ya majengo ya kale ya kanisa la Santa María, na kwa miaka mingi imehudumiwa na wahujaji wa kujitolea kutoka Uholanzi. Viatu huachwa chumba cha viatu. Panga mambo kwa mpangilio huu: muhuri na kitanda, nafasi ya chakula cha jioni, kuoga, kufua, ndipo kulala kidogo. Chakula cha jioni cha mahujaji hutolewa kwa zamu na nafasi huisha, kwa hiyo anayeanza kwa kulala huamkia njaa. Duka la chakula halipo.

Ukiwa na nguvu, tembea hadi kanisa dogo la Santiago lililo karibu. Kengele yake ndiyo iliyokuwa Ibañeta, ikipigwa wakati wa ukungu ili mahujaji waliopotea wafuate sauti.

Jioni kuna misa, na mwishoni mahujaji huitwa mbele na kubarikiwa. Nenda hata kama si Mkatoliki, hata kama huelewi Kihispania. Saa zake hubadilika kulingana na siku, uliza mapokezi.

Kabla ya kulala jaza viatu magazeti kama vililowa, kagua kila kidole, na inua miguu ukutani dakika 10. Kesho ni Zubiri, karibu kilomita 22, mwinuko wake ni mdogo, ila mteremko wa mwisho kutoka mlima Erro una miamba ya mabamba inayoteleza kuliko chochote ulichokanyaga leo. Fimbo usizipeleke kwenye gari la mizigo.